Dirisha, Wachumba na Tauni: Uhakiki wa "Uhalisia" wa Wilson na Murray

Mwezi wa Machi mwaka 1982 jarida la Atlantic Monthly, lililokuwa likitolewa mjini Boston, lilichapisha makala ya James Q. Wilson na George L. Kelling yenye jina la Broken Windows, yaani madirisha yaliyovunjika. Miaka miwili baadaye Charles Murray alitoa kitabu chake Losing Ground, kinachosimulia jinsi serikali ya Marekani, kwa rai yake, ilivyozidi kuwadidimiza maskini kati ya mwaka 1950 na 1980 kwa misaada ile ile iliyokusudiwa kuwainua. Maandishi haya mawili, pamoja na Thinking About Crime ambacho Wilson alikuwa amekwisha kukitoa mwaka 1975, ndiyo nguzo za fundisho ambalo wanafunzi wa elimujamii hulisoma kwa jina la uhalisia wa mrengo wa kulia. Kwa ufupi lasema hivi: mhalifu hasukumwi na umaskini, bali huchagua, huchagua uhalifu pale faida yake inapozidi hofu ya adhabu, na wachaguao hivyo mara kwa mara hutoka katika tabaka la watu ambao malezi yao yameharibika, kwa kuwa baba hayumo nyumbani na posho ya serikali imechukua mahali pake.

Jina la uhalisia ladai jambo kubwa. Ladai ya kuwa wengine wote walikuwa wakiota, na hawa ndio walioamka. Kwa hiyo ni ajabu kuona ya kwamba maandishi yenyewe, yakisomwa kama yasomwavyo maandishi mengine ya sanaa, yamesimama juu ya vitu vitatu vilivyo kazi ya mtungaji kuliko kazi ya mpimaji: istiari moja, wachumba wawili wasiopata kuishi duniani, na neno moja lililogeuzwa maana. Wanatakwimu wamevishughulikia vitabu hivi kwa miaka 40. Wahakiki wa fasihi hawakuvijali sana, nao walistahili kuvisoma mapema, maana sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika lugha, na lugha hiyo imesaidia kuwafikisha watu wengi gerezani.

Haki itangulie. Wilson aliandika wakati ambapo wasomi wengi wa Kimarekani walikuwa wakisema ya kuwa uhalifu utapungua umaskini utakapopungua, na matukio yalikuwa yamekwisha kuwasuta. Katika miaka ya 1960 mapato ya Wamarekani yaliongezeka, hesabu ya maskini ikashuka, nao uhalifu ukapanda: mwaka 1960 waliuawa watu 5 hivi katika kila 100,000, na mwaka 1974 karibu 10. Aghalabu waliouawa na kunyang'anywa hawakuwa matajiri. Walikuwa wakazi wa mitaa ile ile ya maskini. Kumwambia bikizee aliyeporwa mkoba wake ya kwamba chanzo cha msiba huo ni mfumo wa uchumi ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza. Wilson aliliona jambo hili mapema kuliko wengi, na alilisema kwa nathari safi, isiyojigamba kwa elimu. Hata wapinzani wake wa mrengo wa kushoto huko Uingereza, John Lea na Jock Young, walipotoa kitabu chao juu ya sheria na utulivu mwaka 1984 walikubali ya kuwa uhalifu ni dhiki halisi ya maskini, wala si uvumi wa magazeti. Wilson aliongeza ya kwamba serikali haiwezi kuzibadili sababu za mbali, kama mapenzi ya mzazi kwa mtoto wake, bali yaweza kubadili adhabu na doria. Basi na ifanye iwezalo. Hoja hiyo ni nzito, na haikuhitaji istiari hata moja. Ni pale alipotaka kuonyesha jinsi doria inavyouzuia uhalifu ndipo yeye na mwenziwe walipolishika dirisha.

Istiari yenyewe yajulikana. Dirisha moja la jengo likivunjika na kuachwa bila kutengenezwa, upesi mengine yote yatavunjwa, kwa sababu kioo kilichovunjika chawaambia wapitao ya kuwa hapa hapana mwenye kujali. Vivyo hivyo, wasema Wilson na Kelling, mtaa ukimwacha mlevi alale njiani, na vijana wakipiga kelele pembeni mwa barabara, na ombaomba akiwasumbua wapitao, waungwana wataogopa, watajifungia ndani, na wanyang'anyi wataingia. Msomaji hukubali kabla hajafika mwisho wa sentensi, maana kila mtu amepata kuiona nyumba iliyoachwa ikichakaa.

Lakini na atazame ushahidi ulioletwa. Ni jaribio la mwanasaikolojia Philip Zimbardo, lililoandikwa mwaka 1969. Zimbardo aliacha gari moja Bronx, katika jiji la New York, na jingine Palo Alto, mji wa watu wenye nafasi huko California. Yote mawili yalikuwa yameondolewa vibao vya namba na kufunuliwa boneti. Gari la Bronx lilivamiwa katika muda wa dakika 10, na wavamizi wa kwanza walikuwa baba, mama na mtoto wao wa kiume, waliochukua rejeta na betri. Gari la Palo Alto lilikaa zaidi ya juma zima bila kuguswa, hata Zimbardo mwenyewe akalipiga kwa nyundo kubwa. Ndipo wengine wakaingia kazini. Katika kisa hiki hapana dirisha la nyumba. Gari la Bronx halikuwa limevunjwa lilipovamiwa, basi haliwezi kuwa shahidi wa fundisho la kioo kilichovunjika. Gari la Palo Alto ni shahidi mbaya zaidi, kwa kuwa aliyelivunja kwanza ni mwalimu wa chuo kikuu, na katika maelezo yake mwenyewe waliompokea nyundo walikuwa wanafunzi wake. Kama kisa chafundisha neno, ni ya kuwa watu wa heshima nao huvunja wakipewa ruhusa, na wazazi wenye kulea pamoja, baba na mama, waweza kumchukua mtoto kwenda kuiba betri. Hilo la pili ni gumu sana kwa wafuasi wa Murray, lakini hapana aliyelisimamia.

Imo hatua nyingine ndani ya istiari, nayo ni ndogo hata haionekani upesi. Mwanzoni mwa makala dirisha ni dirisha. Kurasa chache mbele waandishi wasema ya kuwa ombaomba asiyezuiwa ndiye, kwa hakika, dirisha la kwanza lililovunjika. Hapo mtu amegeuzwa kioo. Kwa kanuni za istiari hapana kosa. Washairi wa Kiswahili wamemwita mtu simba, chombo na ua, wala hakuna aliyewashtaki. Kosa ni la hoja. Dirisha lina mwenyewe, na aliyestahili lawama katika mfano wa kwanza ni mwenye nyumba asiyelitengeneza. Ombaomba alipowekwa mahali pa kioo, mwenye nyumba alitoweka katika picha, asirudi tena: hapana aliyeuliza ni nani aliyeufunga ule mtambo mtaani, nani aliyeacha kukarabati nyumba za kupanga, nani aliyekataa kuwakopesha wakazi. Tena, kulitengeneza dirisha ni kutia kioo kipya. Kumtengeneza ombaomba, kwa jinsi fundisho lilivyokuja kutumiwa, ni kumwondoa. Msomaji aliyekubali lile la kwanza ajikuta amelikubali la pili bila ya kuulizwa.

Sehemu bora ya makala hiyo ni ile isiyo na dirisha. Kelling alikuwa ametembea saa nyingi pamoja na askari wa doria ya miguu mjini Newark, katika jimbo la New Jersey, na mmoja wao amepewa jina la Kelly. Hapa pana watu, na nathari yabadilika mara moja. Kelly ni Mzungu, mtaa ni wa weusi, naye awajua wenyeji wake na wageni. Walevi waruhusiwa kuketi barazani, lakini si kulala. Waweza kunywa katika vichochoro, si kwenye njia panda kubwa, na chupa sharti iwe ndani ya mfuko wa karatasi. Kumwomba pesa mtu anayengoja basi ni marufuku kabisa. Likizuka gomvi kati ya mwenye duka na mteja, mwenye duka ahesabiwa kuwa na haki, hasa mteja akiwa mgeni. Sheria hizi hazimo katika kitabu chochote cha serikali. Zilitungwa mtaani, na walevi wenyewe walizijua. Mtu aliyekulia katika mji wowote mdogo atautambua upesi utaratibu huu, pamoja na dhuluma yake kwa mgeni.

Mambo mawili katika sehemu hii yalistahili kukumbukwa na wale waliolipokea fundisho. La kwanza, waandishi hawakuficha ya kuwa utafiti wa Newark uliona doria ya miguu haikupunguza uhalifu. Ilichopunguza ni hofu ya watu. La pili, Kelly hakuwaondoa walevi, aliwapa mahali pao. Alikuwa mlinzi wa maelewano yaliyokuwapo, na maelewano hayo yaliwaingiza hata wale ambao istiari ingewaita vioo vibovu. Kisha likaja swali zito kuliko yote, nao waandishi walilileta wenyewe: askari akiachiwa kuamua nani ni mwungwana na nani si mwungwana, kitu gani kitamzuia asiwe chombo cha chuki ya mtaa juu ya watu wa rangi nyingine? Walijibu ya kwamba hawana jibu la kuridhisha. Ukweli huo wawaheshimu. Lakini makala iliendelea kana kwamba jibu limepatikana, na viongozi wa polisi walioisoma hawakulikumbuka swali.

William Bratton alishika uongozi wa polisi wa New York mwaka 1994, chini ya meya Rudolph Giuliani, na fundisho la dirisha likawa kazi ya kila siku: waliokamatwa ni wanaokwepa nauli ya treni za chini, wanaoosha vioo vya magari bila kuombwa, wanaokunywa hadharani. Mauaji ya jiji hilo yalikuwa 2,245 mwaka 1990. Mwaka 1998 yalikuwa 633. Ushindi huo ulitangazwa duniani kote. Waliotazama kwa makini waliona ya kuwa mauaji yalianza kushuka kabla ya Bratton, ya kuwa yalishuka pia San Diego ambako polisi walifuata njia nyingine, na ya kuwa biashara ya kokeini ya mawe, iliyowaangamiza vijana wengi, ilikuwa ikififia yenyewe. Zaidi ya miaka 10 baadaye mbinu ilikuwa imekua kupita mipaka. Mwaka 2011 polisi wa New York waliwasimamisha watu njiani mara 686,000 hivi. Wengi mno walikuwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na Karibi, na karibu 9 katika kila 10 waliachwa waende zao bila ya kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Mwezi wa Agosti mwaka 2013 Jaji Shira Scheindlin aliamua ya kuwa jinsi kazi hiyo ilivyofanywa ilivunja katiba. Wengi walitabiri damu. Hesabu ya kusimamishwa iliporomoka, na mauaji yakashuka tena, hata mwaka 2017 yakawa 292. Kelling, aliyefariki mwaka 2019, alilalamika ya kuwa hilo silo alilolifundisha. Kwa kiasi fulani alisema kweli; yeye alimfundisha Kelly. Ni istiari iliyowafundisha wengine.

Dirisha lilipata jibu lake la kitaalamu Chicago. Robert Sampson na Stephen Raudenbush waliipiga picha za video mitaa 196 ya jiji hilo, barabara kwa barabara, wakihesabu taka, chupa, maandishi ya ukutani na watu wanywao hadharani. Katika taarifa yao ya mwaka 1999 waliona ya kuwa uchafu na uhalifu ni ndugu, wala si mzazi na mtoto: vyote viwili hutokana na ufukara uliorundikana mahali pamoja na majirani kukosa kuaminiana, na sababu hizo zikihesabiwa, uhusiano wa moja kwa moja kati ya uchafu na makosa mengi hufifia, wizi wa nguvu ndio uliobaki na uhusiano wa wazi. Mwaka 2004 waliongeza jambo la kutisha zaidi. Watu walipoulizwa mtaa wao una vurugu kiasi gani, majibu yao yalifuata wingi wa weusi na maskini katika mtaa kupita yalivyofuata vurugu iliyoonekana kwenye video. Yaani waliokiona kioo kimevunjika, mara nyingi walikuwa wakimtazama mtu.

Wachumba wa Murray waitwa Harold na Phyllis. Wakaa Pennsylvania, wametoka shule ya kawaida, wazazi wao ni maskini, na Phyllis ni mja mzito. Murray awaweka kwanza katika mwaka 1960. Posho ya serikali ni ndogo, na Phyllis akiipokea hawezi kuishi na Harold, kwa kuwa maofisa huikata pindi wanapomkuta mwanamume nyumbani. Basi Harold apokea kazi ya kupiga pasi kwa dobi kwa mshahara wa kima cha chini, nao waoana. Kisha awahamisha, umri ule ule, mimba ile ile, mpaka mwaka 1970. Posho imeongezeka, kuna hati za chakula na matibabu, Mahakama ya Juu imeifuta mwaka 1968 ile kanuni ya mwanamume nyumbani. Sasa wafaidika zaidi wakiishi pamoja bila ndoa, na Harold akifanya kazi mara moja moja. Basi hawaoani. Hawakuwa wavivu mwaka 1970 wala hodari mwaka 1960, asema Murray. Walipiga hesabu tu, na serikali ndiyo iliyobadilisha hesabu.

Kama utungaji, hii ni kazi ya fundi. Ni hadithi ya jaribu, kama zile ambazo mtu mmoja huwekwa mbele ya milango miwili, ila hapa milango imetengana kwa miaka 10. Tena yampa maskini heshima ambayo wengi wa wafuasi wa Murray humnyima: Harold ana akili. Lakini msomaji wa riwaya hana budi kuuliza maswali anayowauliza watungaji wote. Kwa nini Pennsylvania? Robert Greenstein alionyesha mwaka 1985 ya kuwa posho ya jimbo hilo iliongezeka kupita ya majimbo mengi, na ya kuwa Murray angaliwahamisha wachumba wake mara moja zaidi, mpaka mwaka 1980, kazi ya dobi ingalikuwa tena na faida kuliko posho. Thamani ya posho ilipungua katika sehemu kubwa ya miaka ya 1970 na 1980 kwa kupanda kwa bei, na watoto waliozaliwa nje ya ndoa walizidi kuongezeka. Hadithi ilikatwa pale ilipompendeza msimulizi.

Swali la pili ni la sanaa zaidi: kwa nini Phyllis hasemi? Katika masimulizi yote hapana neno lake hata moja. Hana mama wa kumshauri, hana kanisa, hana shoga, hana haya, hana mapenzi. Ana jedwali la mapato. Mtungaji aliyemwumba mhusika namna hiyo katika hadithi fupi angerudishiwa karatasi zake. Kathryn Edin na Laura Lein walizungumza na akina mama 379 katika miji minne na kutoa kitabu mwaka 1997, wakaonyesha ya kuwa posho haikuwatosha akina mama hao kwa mwezi mzima, na mshahara mdogo vivyo hivyo. Waliishi kwa kuungaunga. Mwaka 2005 Edin na Maria Kefalas walitoa kitabu kingine kutokana na akina mama 162 wa Philadelphia, ambao ni mji mkubwa kuliko yote katika Pennsylvania ya Harold na Phyllis, na wa Camden ng'ambo ya mto. Hao walisema. Walisema ya kuwa ndoa ni jambo kubwa mno lisilofaa kuharakishwa na mtu asiye na kazi ya kudumu, bali mtoto hangojewi. Mtu aweza kuikataa rai hiyo, aweza hata kuiona ya hatari, lakini si hesabu ya posho, wala Murray hangaliweza kuibuni akiwa mezani kwake.

Na Harold naye hakubaki yule yule. Mwaka 1984 alikuwa mwenye kupima faida na hasara kama karani wa benki. Mwaka 1990, katika maandishi ya Murray juu ya Uingereza, vijana wa kiume walikuwa washenzi kwa asili yao, wasiostaarabika ila kwa ndoa. Mwaka 1994, katika The Bell Curve alichokiandika pamoja na Richard Herrnstein, maskini wengi walikuwa wamekwama kwa sababu ya upungufu wa akili, ambao kwa sehemu kubwa ni wa kurithi. Hapana mtungaji awezaye kuwa na mhusika aliye mwepesi wa hesabu, mshenzi na mzito wa akili kwa wakati mmoja. Wafuasi wa uhalisia wamewahesabu Harold hawa watatu kuwa ushahidi wa jambo moja, na hilo ndilo kosa kubwa la fundisho zima, kubwa kuliko kosa lolote la takwimu.

Lipo neno lililowaunganisha. Gunnar Myrdal, mwanauchumi wa Sweden, alilileta katika Kiingereza mwaka 1963 kutoka katika lugha yake. Kwa Kiswahili labda lifasiriwe "tabaka la chini ya matabaka". Myrdal alikusudia watu waliosukumwa nje ya kazi na mabadiliko ya viwanda, wasio na ajira na wasioweza tena kuajirika. Kidole chake kiliuelekea uchumi. Mwaka 1977 jarida la Time lililitia neno hilo jaladani, mwaka 1982 Ken Auletta alilifanya kuwa jina la kitabu, na katika safari hiyo kidole kiligeuka kikawaelekea watu wenyewe. Kwa Murray si jina la hali, bali la tabia. Alipoalikwa Uingereza na gazeti la Sunday Times mwaka 1989 alijieleza kuwa mgeni atokaye katika nchi yenye tauni, aliyekuja kutazama kama ugonjwa umefika. Alama zake zilikuwa tatu: uzazi nje ya ndoa, uhalifu wa nguvu, na vijana kukataa kazi. Istiari ya tauni ni kali kuliko ya dirisha. Mgonjwa wa tauni haulizwi maoni yake, hutengwa.

Msomaji wa Kiswahili asione ya kuwa jambo hili ni la ng'ambo peke yake. Lugha yake ina neno "mhuni", ambalo humtaja mtu wa mwenendo mbaya, na katika matumizi mengine humtaja pia mtu asiyeoa. Nusu ya nadharia ya Murray imelala ndani ya neno hilo moja kabla hajazaliwa. Nalo halikubaki katika kamusi. Watawala wa Kiingereza wa Tanganyika walijipa kwa sheria ya mwaka 1944 uwezo wa kuwaondoa mijini Waafrika walioitwa wasiotakiwa, na vijana wa Dar es Salaam wasio na kazi wala nyumba walikamatwa kwa jina la wahuni na kurudishwa mashambani. Andrew Burton aliyesimulia habari hizo mwaka 2005 alitumia neno lile lile la Kiingereza katika jina la kitabu chake. Baada ya uhuru, sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 iliwakusanya tena wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi na kuwapeleka vijijini. Wakoloni walitaka mji wa kikoloni na wajamaa walitaka taifa la kazi. Wote walilitumia neno moja, na wote waliwaona waliowapeleka shamba wakirudi mjini, kwa sababu kilichowaleta hakikuwa uhuni.

Kama nadharia ya tabaka hilo ingekuwa kweli, ingepaswa kuonekana katika miaka iliyofuata. Nchini Marekani watoto 18 katika kila 100 walizaliwa nje ya ndoa mwaka 1980. Mwaka 1990 walikuwa 28, na mwaka 2009 walikuwa 41. Kwa mujibu wa fundisho, kizazi hicho cha wasio na baba kilikuwa kiifurikishe nchi kwa damu. John DiIulio, aliyekuwa mwanafunzi wa Wilson, alitabiri hivyo mwaka 1995, akawapa watoto ambao hawajabalehe jina la wanyama wakubwa wawindao, na majimbo mengi yakatunga sheria za kuwafunga watoto pamoja na watu wazima. Lakini mauaji yaliyokuwa karibu 10 katika kila watu 100,000 mwaka 1991 yalishuka mpaka 5 mwaka 2009, wakati wa mtikisiko mkubwa wa uchumi. Wale waliosema ya kuwa umaskini ndio uzaao uhalifu nao hawana la kujivunia hapo. DiIulio alikiri kosa lake, na mwaka 2012 alikuwa miongoni mwa wasomi walioiandikia Mahakama ya Juu kuikana hofu ile. Watoto waliofungwa maisha kwa sababu ya jina hilo walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima ndani ya kuta.

Alikuwapo Wilson mwingine, William Julius, mweusi, mwalimu wa Chicago, ambaye hakuwa na undugu na yule wa kwanza. Katika The Truly Disadvantaged cha mwaka 1987 hakukana ya kuwa familia zimevunjika na njia zimekuwa za hatari. Aliwakemea wenzake wa mrengo wa kushoto kwa kuona haya kulisema. Ila aliwahesabu wanaume wenye kazi waliopo kwa kila mwanamke wa umri wa kuolewa, akaona hesabu hiyo imeporomoka pale viwanda vilipohama. Yeye pia alilitumia neno la Myrdal, na mwaka 1990 akapendekeza liachwe, kwa kuwa alikuwa ameona limekuwa tusi. Huo ndio uhalisia uliostahili jina lake. Watu wachache huusoma kwa furaha, maana hauna dirisha wala wachumba.

Murray asimulia ya kuwa alijifunza tangu utotoni kutambua aina mbili za maskini, wale wenye fedha kidogo tu, na wale ambao nyumba zao ni chafu, wanaume wao hawakai kazini na watoto wao ni watundu. Alikulia Newton, katika jimbo la Iowa, mji mdogo uliokuwa ukilishwa na kiwanda cha mashine za kufulia cha Maytag, ambamo baba yake alikuwa miongoni mwa wakubwa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2007. Mwaka 2012 Murray alitoa Coming Apart, juu ya Wamarekani Wazungu tangu mwaka 1960 hadi 2010, na safari hii alibuni miji badala ya wachumba: mmoja wa wenye elimu, aliouita Belmont, na mmoja wa wafanyakazi waliopoteza ndoa, kazi na dini, aliouita Fishtown. Hakuna mtu aishiye katika miji hiyo miwili. Ni takwimu za nchi nzima zilizokusanywa chini ya majina ya mahali. Fishtown ya kweli imo Philadelphia, kando ya mto Delaware. Kitabu kilipotoka, vijana wenye digrii walikuwa wamekwisha kuhamia huko, mikahawa ilikuwa imefunguliwa, na kodi za nyumba zilikuwa zikipanda kiasi cha kuwashinda wenyeji.